Je, Wajua? Bujumbura maji huchemka kabla ya nyuzi 100

Wachoma mishikaki wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura nchini Burundi, huijua nyama iliyoiva kwa kuitazama na kuibonyeza, na kwa vipande vidogo vya mbuzi hilo latosha. Paja zima, au kuku anayeivishwa polepole kwa moshi, ni habari nyingine: nje huwa kahawia zamani ilhali ndani bado kubichi. Hapo tumia kipimajoto chenye sindano, inayofika katikati ya mnofu bila kugusa mfupa. Kile kilichofungwa kwenye mfuniko wa jiko hupima hewa tu.

Utajuaje kama kinasema kweli? Wengi hukitia katika maji yanayotokota na kungoja kisome 100. Bujumbura usiingoje. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda mgandamizo wa hewa hupungua. Kwa hiyo Bujumbura, iliyo kando ya ziwa hilo, maji huchemka kwenye nyuzi 97 na kitu za Selsiasi. Gitega, kule milimani, ni karibu 95. Kipimajoto kinachosoma 100 mjini Bujumbura ndicho kibovu!

Barafu haina mambo hayo. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza sindano isiguse kioo, subiri itulie. Lazima isome 0. Ikikosea zaidi ya nyuzi 1, mrudishie muuzaji.

Kuku ni salama akifika nyuzi 74 ndani ya paja.