Wadukuzi Waliweka Nywila Ambayo Mwenye Jengo Hakuweka

Unafika kazini asubuhi, unabonyeza swichi ya taa, hakuna kitu. Unajaribu ya korido, pia hakuna. Unadhani stima zimepotea, lakini ukiangalia kompyuta, inawaka vizuri tu.

Hali kama hiyo iliikumba ofisi moja Ujerumani mwaka 2021. Katika majengo ya aina hiyo, swichi haijaunganishwa na balbu moja kwa moja. Inatuma ujumbe kwa kifaa kidogo, nacho ndicho kinachowasha taa, kinachoshusha pazia au kinachohisi kwamba kuna mtu chumbani. Mfumo wenyewe unaitwa KNX na hutumika sana Ulaya. Shida ni kwamba mlango wake wa intaneti uliachwa wazi, bila ulinzi. Wadukuzi wakaingia, wakafuta maagizo yaliyokuwa ndani ya vifaa, kisha wakavifunga kwa nywila. Karibu robo tatu ya vifaa vikafa. Ikabidi watu wawe wanawasha na kuzima taa kwenye boksi kuu la stima.

Sehemu inayotugusa sisi ni hii: nywila hiyo haikubuniwa na wadukuzi. Watengenezaji waliiweka nafasi yake ndani ya mfumo ili kumlinda mwenye jengo. Hakuna aliyejisumbua kuijaza. Wezi walipofika, wakaijaza wao.

Waliookoa jengo ni wataalamu wa kampuni ya Limes Security ya Austria. Waliomba wapewe vifaa vichache vilivyokufa, wakachimbua kumbukumbu yake hadi nywila ikapatikana. Bahati nzuri, wadukuzi walikuwa wametumia nywila moja kwa vifaa vyote (kumbe hata wezi huwa wavivu).

Sasa utauliza, "Mimi natuma na kupokea pesa tu, haya ya taa za Ujerumani yananihusu nini?"

Toa laini yako, uiweke kwenye simu nyingine. Je, imekuuliza PIN? Kama haijakuuliza, nafasi yako pia iko wazi. Hatuongelei PIN yako ya kutuma pesa. Hii ni PIN ya laini yenyewe, na wateja wengi hawajui kwamba zipo mbili. Mwizi akikunyang'anya simu kwenye matatu, haitaji kufungua skrini. Anatoa laini, anaitia kwenye simu yake, na zile namba za siri zinazotumwa kwa meseji, za barua pepe, za programu za mikopo, zinaanza kumfikia yeye. Tulipoulizana hapa ofisini, wengi wetu hatukuwa tumeweka. Tuliona aibu kidogo. Sasa tumeweka.

Kuna kisa kingine ambacho hupenda kusimuliwa vibaya. Mwaka 2013, maduka ya Target huko Marekani yaliibiwa taarifa za kadi milioni 40 za wateja. Watu husema wezi walipitia mitambo ya kupoza hewa. Si hivyo hasa. Waliiba nywila ya kampuni ya mafundi wa mitambo hiyo, Fazio Mechanical Services, ambayo ilikuwa ikiitumia kwa kazi kama kutuma ankara na mikataba. Lakini ilitosha kuwaingiza ndani. Kwa hivyo ule mtindo wa kumwambia ajenti "nishikie simu, PIN ni hii, nitolee haraka" tafadhali tuuache, hata kama mmefahamiana miaka. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini aliyesimama nyuma yako kwenye foleni je?

Na wewe unayekusanya kodi ya nyumba kwa simu: kama geti, kamera au pampu ya kisima inaendeshwa kwa programu, muulize fundi aliyeifunga ni nani mwingine ana nywila. Kisha ibadilishe.

PIN ya laini huwekwa kwenye mipangilio ya simu, upande wa usalama. Utaulizwa kwanza ile iliyokuja na laini, nayo kwa kawaida huwa imeandikwa kwenye kadi kubwa uliyobandua laini. Usibahatishe. Ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai PUK. Ikifika hapo na kadi ilishapotea, nenda duka la mtandao wako na kitambulisho chako.