Tajiri Akiingia Ikulu

Uchaguzi ukikaribia hakosekani mgombea anayejinadi kwa hoja moja: nimejenga kampuni, nitajenga nchi. Hoja hiyo ina mashiko. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wananchi wamechoshwa na viongozi wasiojua daftari. Lakini kampuni na dola haziongozwi kwa mamlaka ya aina moja, kama majirani zetu wa Madagaska walivyojionea. Marc Ravalomanana alianza kwa kuuza mtindi wa kutengeneza nyumbani, akiuzungusha kwa baiskeli, hadi akamiliki Tiko, kampuni kubwa ya maziwa na vyakula. Mwaka 1999 akawa meya wa Antananarivo, na 2002 akawa rais. Barabara zilijengwa na uchumi ukakua. Uzoefu wa kusimamia kazi ulimfaa kweli.

Kilichomponza ni mazoea yaleyale yaliyomtajirisha. Mwenye kampuni huamua upesi, hufanya siri mipango yake mpaka mkataba utiwe saini, na humbana mshindani. Mwaka 2008 ilifichuka kwamba Daewoo ya Korea Kusini ilikuwa mbioni kukodishwa hekta zipatazo milioni 1.3 kwa miaka 99. Kwa mwekezaji ardhi hiyo ni mtaji. Kwa Wamalagasi ardhi ni makaburi ya mababu. Desemba serikali ikafunga kituo cha televisheni cha meya Andry Rajoelina, mpinzani wake. Huku nyuma wafanyabiashara walikuwa wakilalamika kwamba Tiko inapendelewa. Ghasia zilipozuka Januari 2009, maduka ya Tiko yaliporwa na kuchomwa moto, kwani waandamanaji hawakuona tena tofauti kati ya biashara ya rais na serikali. Machi akang'oka madarakani.

Wapo watakaosema tajiri hana haja ya kuiba. Huenda, ila mgongano wa maslahi hauhitaji wizi. Rais mwenye kiwanda akipunguza ushuru wa bidhaa anazozalisha, hata kama kapunguza kwa haki, nani atamwamini? Wengine watamtaja Michael Bloomberg, bilionea aliyeongoza jiji la New York kwa miaka 12. Ni kweli, lakini uendeshaji wa kampuni yake aliwaachia wengine, na jiji lile lina baraza na mahakama za kumzuia meya. Kwa upande mwingine, duka la nguo za kiume la Harry Truman lilifungwa mwaka 1922, likamwachia madeni. Baada ya miaka mingi katika utawala wa wilaya na kisha Seneti, alikuja kuwa rais wa Marekani aliyesimamia mpango wa kuijenga upya Ulaya baada ya vita.

Basi utajiri usimpe mtu kura, wala usimnyime. Mgombea aulizwe nani atashika kampuni yake akishinda, na zabuni za serikali zitaihusu vipi. Kisha achunguzwe alivyoishi na watu asioweza kuwafukuza kazi: vyama vya wafanyakazi, mahakimu, waandishi wa habari na wapinzani. Ikulu atawakuta haohao.