Punda Anayegoma Kuvuta: Kagua Mgongo Kabla ya Kumuita Mvivu

Kiangazi kilichopita nilipigiwa simu na kijana mmoja anayelima nyanya na vitunguu upande wa Kisesa, wilaya ya Magu. Nilidhani anataka kuniuliza habari ya kantangaze, maana kipindi kile ndiyo ilikuwa inawasumbua wengi. Kumbe hapana. "Afisa, unamfahamu mtu anayenunua punda?"

Nikamuuliza kulikoni. Akasema punda wake amekuwa mvivu. Zamani alikuwa anapiga safari nne kwa siku, kutoa mazao bondeni mpaka barabarani. Siku hizi safari ya pili tu anasimama katikati ya njia, anachapwa na hasogei. Ameshamchoma sindano mbili alizouziwa duka la dawa, moja ya antibayotiki na moja ya vitamini, na hakuna mabadiliko. Kuna dalali ameshampa bei, na sote tunajua punda wa namna hiyo mara nyingi anaishia wapi.

Nikamwomba asimuuze mpaka nifike.

Kiukweli nilipomwona punda yule kwa mara ya kwanza hata mimi ningeweza kusema ni mzima. Anakula, macho yako safi, hana kidonda hata kimoja. Lakini nilipopitisha vidole kando ya uti wa mgongo, nyuma kidogo ya mabega, punda alididimia kama mtu aliyekanyaga msumari. Nikarudia, akadidimia tena, masikio yakalala nyuma. Upande wa pili hivyo hivyo. Mwenyewe alikuwa amesimama pale na fimbo yake mkononi, akanyamaza.

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Ng'ombe au mbuzi akiumia utajua mapema kuliko punda. Punda ni mnyama wa kuficha maumivu. Haliishi hovyo, haruki, hajilazi chini kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Anachofanya ni kupunguza mwendo, kusimama, kukataa kufungwa, kung'ata pale unapokaza mkanda. Sisi tunaita ukaidi. Tena lugha yetu inatusaidia kukosea, maana ukimwita mtu punda humsifii.

Namna ya kumkagua

Wenye farasi wa mashindano huko Ulaya na kwetu Afrika Mashariki, Nairobi kwa mfano, wana madaktari wenye mashine za eksirei na za mawimbi ya sauti za kuangalia pingili za mgongo. Sisi hapa kandokando ya ziwa tuna vidole na macho, na kwa kazi nyingi vinatosha. Hata madaktari wale huanza na mkono kabla ya mashine.

Msimamishe punda mahali tambarare, miguu yote minne ikae sawa, na mtu anayemzoea amshike kichwa. Simama nyuma yake kwa mbali kidogo (usije ukapigwa teke ukanilaumu mimi) utazame kama misuli ya pande mbili za mgongo inalingana. Ikiwa upande mmoja umebonyea, hiyo ni habari. Kisha sogea ubavuni. Anza pale shingo inapokutana na mgongo, weka ncha za vidole kama upana wa vidole vinne kutoka kwenye mfupa wa katikati, bonyeza kwa nguvu ya wastani huku ukienda taratibu mpaka kiunoni. Usitumie kucha. Mnyama mwenye afya atatikisika kidogo tu. Mwenye maumivu atadidimia, atakaza misuli iwe kama ubao, atapeperusha mkia au atageuka kutaka kukung'ata. Wengine huganda tu, hawafanyi lolote, ila pua zinapanuka na jicho linakuwa kali. Rudia mara tatu kila upande, maana mara ya kwanza anaweza akawa ameshtuka tu. Fanya hivyo asubuhi akiwa hajafanya kazi, halafu jioni akitoka kazini, ulinganishe.

Angalia pia nywele. Mabaka ya nywele nyeupe mabegani au mgongoni, kwa punda ambaye rangi yake si hiyo, ni alama ya mahali palipowahi kubanwa mpaka ngozi ikaumia. Ukienda mnadani kununua punda, mabaka hayo ndiyo historia yake, na muuzaji hawezi kuyafuta.

Halafu kuna kipimo kimoja ambacho ni bure kabisa. Punda akirudi kazini, mfungue tandiko papo hapo utazame jasho. Chini ya tandiko panatakiwa kulowa sawasawa. Ukikuta kipande kikavu katikati ya sehemu iliyolowa, hapo ndipo panapobanwa kupita kiasi.

Usisahau kwato. Kwato zilizorefuka mbele hubadilisha mwendo mzima, na mgongo ndio unaolipa. Mtembeze mbele, mgeuze kushoto na kulia, mrudishe nyuma. Akichechemea mguu mmoja waziwazi, anzia mguuni kwanza.

Na si kila mgongo mgumu ni maumivu ya misuli. Punda aliyekakamaa mwili mzima, masikio yamesimama, taya halifunguki, mkia umenyooka, huyo ana pepopunda. Jina lenyewe limembeba mnyama huyu, na ni kweli jamii ya punda na farasi ni dhaifu sana mbele ya ugonjwa huo. Kidonda kidogo cha mgongo au msumari kwatoni vinatosha kuuleta. Anayekonda huku nyuma kunalegea na fizi zimepauka anaweza akawa na nagana. Na anayeyumba nyuma ghafla, amebadilika tabia, anang'ata hovyo, usimsogelee kabisa wala usimshike mdomo, kwa sababu kichaa cha mbwa huwapata na punda. Hao wote ni wa daktari wa mifugo, siku hiyo hiyo.

Tatizo lilikuwa nira

Turudi Kisesa. Nilimwomba kijana amfunge punda kama siku zote ili nione. Akatoa nira. Nira ileile ya ng'ombe, aliyokuwa akiitumia babu yake kulimia plau kwa maksai, imekatwa ikawa ya mnyama mmoja.

Usukumani tumekulia kwenye maksai, kwa hiyo sishangai. Lakini hawa ni wanyama wawili tofauti kimaumbile. Maksai ana nundu na shingo nene. Nira inakaa mbele ya nundu, naye anasukuma pale kwa nguvu zake zote. Punda hana nundu. Mabega yake ni membamba, mfupa uko karibu kabisa na ngozi, na nguvu yake ya kuvuta iko kifuani. Ukimwekea nira, mti ule unarudi nyuma unakalia mfupa, na kila akivuta unagandamiza na kusugua palepale. Kwanza misuli inauma, na hicho ndicho kilichokuwa kinamsumbua yule. Ukiendelea, ngozi inachubuka, usaha unaingia ndani hadi kwenye mfupa, na hapo huna tena punda wa kazi.

Punda avute kwa mkanda wa kifuani. Uwe mpana, usipungue upana wa vidole vinne, uzunguke kifua juu kidogo ya kiungo cha bega. Ukipanda sana unamkaba koo, ukishuka sana unamzuia miguu. Kijana tulimshonea kwa mikanda ya viti vya gari chakavu, tabaka mbili, ndani tukaweka blanketi kuukuu. Kamba ya nailoni haifai, inakata kama kisu. Kiroba nacho usikiweke kwenye ngozi, hakipitishi hewa wala hakinywi jasho. Mgongoni panakaa tandiko dogo la kubeba mikono ya mkokoteni, nalo liwe na mito miwili, mmoja kila upande, katikati pabaki mfereji ili kitu chochote kisiguse uti wa mgongo. Na kama njia yako ina mteremko weka mkanda wa nyuma unaopita chini ya makalio, vinginevyo mkokoteni utakuwa unamgonga kila akishuka.

Bado mkokoteni wenyewe. Ule wa magurudumu mawili ni kama mizani: ekseli ndiyo katikati. Ukipakia makreti mengi mbele ya ekseli, uzito wote unashuka mgongoni mwa punda kupitia ile mikono. Ukipakia mengi nyuma, mikono inanyanyuka na mkanda wa tumboni unamkata. Pakia kwanza bila punda, kisha nyanyua mikono mwenyewe. Ukiweza kuishikilia kwa mkono mmoja bila kukunja uso, umepakia vizuri. Kijana alijaribu kunyanyua mzigo wake wa kawaida kwa mikono miwili akashindwa kuushikilia hata kwa dakika moja. Sikuwa na haja ya kumwambia neno.

Kwa wale mnaobebesha mgongoni bila mkokoteni, hasa maji ya kumwagilia, tupige hesabu kidogo. Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 120 hadi 150. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Madumu manne ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wake, na bado kuna watu wanamalizia kwa kupanda wenyewe. Mimi nashauri madumu mawili, kwa punda mkubwa mwenye afya. Najua mtasema safari zitaongezeka. Zitaongezeka, ndiyo.

Matibabu

Mimi ni mtu wa ugani, si daktari, ingawa huku vijijini mnaniita hivyo. Kwa hiyo dawa za maumivu zikubali kutoka kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Kuna sababu ya maana: punda huziondoa mwilini baadhi ya dawa hizo haraka kuliko farasi, kwa hiyo muda kati ya dozi na dozi si uleule, na ng'ombe si kipimo chake hata kidogo. Dawa ya nagana ya diminazini, mnayoijua kwa jina la Berenil, kwa punda nafasi kati ya kipimo cha kutibu na kipimo cha kuumiza ni ndogo. Usimchome kwa kukisia kwa sababu tu umekuwa ukiwachoma ng'ombe wako. Na kwa kuwa wengi wenu mna kuku: baadhi ya vyakula vyao huwekwa monensini ya kuzuia kuharisha damu. Kwa kuku haina shida; kwa punda inaharibu moyo na misuli na kiasi kidogo tu kinaweza kumuua. Mabaki ya bandani yasifike kwenye pakacha lake.

Dawa ya kwanza ya mgongo ni kuondoa kinachobana, ya pili ni mapumziko. Misuli iliyouma bila kidonda ipe wiki tatu hadi sita bila mzigo, lakini usimfunge mahali pamoja mchana kutwa. Atembee malishoni, mwili uchangamke. Wiki ya kwanza unaweza kumkanda mgongo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Ukimrudisha, anza na mkokoteni mtupu, kisha robo ya mzigo, na kila jioni rudia kile kipimo cha vidole.

Kama kuna kidonda, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichojaa. Fukuza nzi. Oili chafu, majivu, maji ya betri, kumchoma kwa chuma cha moto, vyote hivyo nimevikuta na vyote vinaongeza kidonda juu ya kidonda. Usikate tandiko tundu ili umwendeshe na kidonda chake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inahusu punda wako pia. Ongea na daktari habari ya kinga ya pepopunda. Na punda akiacha kula siku moja, ya pili usisubiri. Mwili wake huanza kuyeyusha mafuta na kuyamwaga kwenye damu, ini linazidiwa, na anaweza kufa kwa hilo wakati mgongo wenyewe ungepona.

Kuhusu dalali: Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, waliridhia kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, kwa sababu punda walikuwa wanaisha. Jike anabeba mimba kama miezi 12 na kuzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo mpaka avute mkokoteni ni miaka mingine kadhaa. Ukiuza leo, huenda kesho usimpate wa kununua.

Kijana wa Kisesa alikodi bajaji ya mizigo kwa wiki tano, na ililiwa na faida ya nyanya, sikatai. Alilalamika kwenye simu karibu kila Jumamosi. Wiki ya sita nilipita tena. Punda alikuwa amerudi na safari ya pili, makreti yamepangwa juu ya ekseli. Sasa hivi anafanya safari tatu, ya nne kijana ameiacha. Tulimfungua tandiko tukatazama jasho pamoja: upande wa kushoto umelowa vizuri, wa kulia bado kuna kipande kikavu ukubwa wa kiganja. Akachukua sindano na uzi, akaanza kuufumua mto wa kulia.