Friesian wa Bondeni

Mto Nabuyonga huteremka kutoka Mlima Elgon, hupita mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, kisha huelekea tambarare. Mlima na tambarare haviko mbali, lakini kwa ng'ombe hizo ni nchi mbili. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Mbale iko kwenye mita 1,100 hivi, na kilele cha Elgon ni mita 4,321. Ng'ombe wa Friesian anayestawi juu, kwenye migomba na kahawa ya Wagisu wa mlima huo, bondeni huhangaika hata akilishwa majani yale yale.

Chanzo kimoja cha mahangaiko hayo kimo tumboni mwake. Vijidudu vinavyochachusha majani katika tumbo la kwanza hutoa joto, na kadiri ng'ombe anavyokula na kukamuliwa zaidi, ndivyo mwili wake unavyochemka zaidi. Friesian, ambaye asili yake ni Ulaya ya baridi, hustarehe kati ya nyuzi 5 na 25. Joto likizidi hapo huhema, hukataa kulala, hula kidogo, na maziwa hushuka. Msimu wa mvua humwongezea taabu, maana hewa yenye unyevu haikaushi jasho. Dalili za kutaka dume nazo hufifia, mfugaji asijue siku ya kumpandisha. Zebu wetu, mdogo wa mwili na mwenye ngozi iliyolegea shingoni, huvumilia haya yote, ila maziwa yake ni machache.

Unyevu huo huo humfaa kupe anayeeneza ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe wa kigeni upesi kuliko zebu aliyekua akiumwa na kupe tangu udogoni.

Inaniuma kusikia mfugaji akihimizwa kununua ng'ombe wa kisasa bila kuulizwa maji atayatoa wapi. Maziwa ni maji kwa asilimia 87 hivi, na ng'ombe anayekamuliwa sana huweza kunywa lita 80 kwa siku, au zaidi kukiwa na joto. Wingi wa mvua si dawa: mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu zaidi ya 20 na kuharibu mabomba ya maji.

Ningeanza na tangi, miti ya kivuli na banda lenye paa la juu linalopitisha upepo, ndipo nitafute mtamba. Chakula kingi nacho kiwekwe horini jioni. Joto la uchachushaji hupanda saa chache baada ya kula, na usiku ng'ombe hulitoa kwa urahisi kuliko mchana wa jua kali.