Ushahidi wa Nyati

Nyati aliyepigwa sindano ya usingizi haanguki papo hapo, kama wadhaniavyo wengi waliozisoma habari zake mbali na pori. Hutimua mbio pamoja na wenzake, kisha mwendo wake hugeuka, akawa ainua miguu ya mbele juu kupita kiasi mithili ya mtu avukaye maji asiyoyajua kina, na baada ya dakika chache hupiga magoti na kulala, kichwa kikielekea kuzama majanini kwa uzito wa pembe. Hapo watu humwendea kwa hadhari. Mmoja humfunika macho kwa kitambaa, maana jua la mchana humdhuru asiyeweza kupepesa. Wa pili humkalisha kifudifudi, ili asilale ubavu na tumbo likajaa hewa. Wa tatu huutafuta mshipa wa shingo na kuteka damu, vichupa vitatu au vinne. Na wa nne, ambaye kazi yake yaonekana duni kuliko zote, huufunua mdomo wa chini na kuyahesabu meno ya mbele, yapi ya utoto na yapi ya ukubwani, akayaandika daftarini. Kisha hutiwa dawa ya kumzindua, na wote hurejea garini hima, kwa kuwa nyati huamka kwa dakika moja mbili, wala hana desturi ya kushukuru.

Damu ile na meno yale ndiyo yaliyotoa ithibati ya mwisho katika kesi ndefu kuliko zote za maradhi ya mifugo katika Afrika ya Mashariki, nayo ni kesi ya sotoka.

Sotoka ilikuwa maradhi ya virusi, ndugu wa virusi vya surua ya binadamu, nayo iliwashika wanyama wenye kwato zilizopasuka: ng'ombe, nyati, pofu, tandala, nyumbu, twiga, hata ngiri. Mnyama alipatwa na homa, akatokwa na machozi na kamasi, kinywa kikafanya vidonda, akaharisha hata maji ya mwili yakamwishia, na aghalabu alikufa kabla ya juma la pili kupita. Ilipoingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ilichukua miaka ipatayo kumi tu kuteremka mpaka Rasi ya Tumaini Jema, na katika nchi nyingi ilizopitia yakadiriwa kuwa ng'ombe tisa katika kila kumi waliangamia. Wamaasai waliziita zama zile Emutai, yaani kufutwa kabisa. Na msafiri Oscar Baumann, aliyezunguka nchi zao kati ya 1891 na 1893, aliwakuta Ngorongoro watu waliobaki mifupa na ngozi, wasiokuwa na ng'ombe wala nguvu ya kutafuta chakula kingine. Nyati nao walilala mizoga katika mabonde, pofu na tandala kadhalika, hata wawindaji wa Kizungu waliokuja miaka hiyo wakashangaa kulikuta pori kimya.

Kwa kuwa zizi na pori vilikufa pamoja, watawala wa baadaye walishika rai moja wasiiache kwa muda mrefu: ya kuwa pori ndilo ghala ya maradhi, na ng'ombe ni mdhulumiwa tu. Kwa rai hiyo, katika zama za Vita Kuu ya Pili, ulijengwa uzio baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na wanyama wa eneo lile wakapigwa risasi, ili sotoka isivuke kwenda kusini. Siwalaumu sana waliofanya tadbiri hiyo, maana walikuwa na khofu na hawakuwa na chanjo ya kutosha. Walakini walimtia hatiani mtu wa pili kabla ya kumhoji wa kwanza.

Ithibati ya kinyume chake ilitoka kwa nyumbu wa Serengeti, tena bila ya mtu kuikusudia. Pale Muguga, katika nyanda za Wakikuyu mwendo mfupi kutoka Nairobi, palikuwa na kituo cha utafiti wa maradhi ya mifugo kilichotumikia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, na humo tabibu wa wanyama Walter Plowright pamoja na mwenziwe R. D. Ferris walivichukua virusi vya sotoka wakavihamisha mara tisini, kutoka chupa hata chupa, katika chembe hai za figo la ndama, mpaka vikapoteza ukali wao vikabaki na sura tu. Ng'ombe aliyedungwa virusi hivyo vilivyofugwa alikingika maisha yake yote kwa sindano moja. Ng'ombe waliolizunguka pori la Serengeti wakachanjwa. Zamani zile ndama wa nyumbu walikuwa wakifa kila mwaka wafikapo miezi saba au minane, wakati kinga waliyoinyonya katika dang'a ya mama zao inapokwisha. Na ilipofika 1963 vifo vile vilikoma, ilhali hapana nyumbu hata mmoja aliyechanjwa. Basi ikawa dhahiri ni nani aliyekuwa akimpa nani maradhi. Nyumbu, waliokuwa takriban robo milioni mwaka 1961, walipita milioni moja na robo kufikia 1977. Na kwa kuwa midomo milioni hula nyasi nyingi, mioto ya kiangazi ilipungukiwa na kuni zake, na miti ikaanza kuota mahali ambapo wazee walipajua kuwa mbuga tupu. Hayo yote yalitokana na sindano iliyodungwa ng'ombe.

Sasa nije kwa nyati, na kwa nini damu yake ilithaminiwa kuliko ya ng'ombe.

Mwili ulioguswa na sotoka ukapona huweka katika damu askari wake, ambao wataalamu huwaita kingamwili, na askari hao hubaki kwa muda wa maisha. Mtu akitaka kujua kama maradhi yamepita mahali, huteka damu, huiacha igande, huyachukua maji ya rangi ya kimanjano yaliyojitenga juu, na kuyapima kama askari wamo. Lakini ng'ombe aliyechanjwa naye anao askari hao hao, wala kipimo hakiwezi kupambanua askari walioletwa na chanjo na walioletwa na maradhi yenyewe. Kwa hiyo kadiri serikali zilivyochanja kwa bidii, ndivyo ng'ombe walivyozidi kuwa mashahidi wasioaminika. Nyati hakuchanjwa na mtu. Akikutwa na askari wa sotoka katika damu, hapana udhuru wa kutafuta: virusi vilimfikia.

Walakini vilimfikia lini? Hapo ndipo kazi ya yule mhesabu meno inapokuja. Meno ya mbele ya nyati hubadilika kwa taratibu ijulikanayo mpaka umri wa miaka mitano hivi. Ndama wa chini ya mwaka mmoja hahesabiwi, kwa sababu aweza kuwa na kinga ya kurithi. Lakini nyati wa miaka miwili akikutwa na askari, basi sotoka ilipita pale ndani ya miaka miwili hiyo. Na ikiwa wazee wa kundi wanao ilhali vijana wote hawana, basi iliondoka kabla ya vijana kuzaliwa, na mwaka iliyoondoka husomeka katika umri wa mkubwa wa wale wasio nao. Hivyo kundi moja la nyati huwa ni kalenda yenye miguu minne, na sijui hila nyingine katika elimu ya maradhi iliyo nyepesi namna hii na yenye kufaa namna hii.

Ila kalenda hiyo haifai kitu ikisomwa upande mmoja wa mpaka. Nyumbu wa Serengeti huvuka Mto Mara kila mwaka bila ya hati ya mtu, na ng'ombe wa biashara hutembea kutoka Somalia na kusini mwa Ethiopia mpaka minada ya Kenya. Bali kichupa cha maji ya damu kikitaka kwenda kupimwa nchi ya pili hudaiwa kibali cha kutoka, na kibali cha kuingia, na mihuri ya idara mbalimbali, na barafu ikayeyuka katika kasha kabla ya wino kukauka. Nimewasikia mabwana mifugo wakilinena hilo kwa uchungu kuliko waunenavyo umaskini wa mishahara yao.

Kampeni kubwa ya kwanza ya Waafrika kwa pamoja ilidumu kutoka 1962 hata 1976, na ng'ombe wengi mno walichanjwa, sotoka ikaonekana kama imekwisha. Kisha Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na Muguga ikawa ya nchi moja. Mwaka 1982 nyati wa Serengeti wakafa tena kwa sotoka. Sidai kwamba jambo hili lilizaa lile peke yake, maana palikuwa na vita, na ukame, na hazina tupu. Lakini mlinzi akiondoka mlangoni, si adabu kustaajabu mwizi akionekana ndani. Ilibidi kuanza upya mwaka 1986, safari hii chini ya ofisi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyo Nairobi kwa ajili ya mifugo, ambayo Waafrika wa idara hizo huitaja kwa herufi zake, IBAR.

Tukio la kutisha zaidi lilikuwa bado. Katika 1994 na 1995 nyati wa Tsavo walianza kufa, na tandala wadogo wakaonekana wakizunguka vichakani kwa upofu, macho yamefunikwa na utando mweupe, wakijigonga katika miiba. Zaidi ya nusu ya nyati wa eneo lile walipotea. Madaktari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya waliposhauriana na maabara ya Muguga na ya Pirbright kule Uingereza, ikabainika kuwa virusi vile si vya ukoo uliozoeleka. Ni vya ukoo uliopata kuonekana kwa twiga wa kaskazini ya Kenya mwaka 1962, kisha vikatoweka, hata wataalamu wakavihesabu kuwa vimekufa. Vilikuwa wapi miaka thelathini? Vilikuwa kwa ng'ombe. Katika ng'ombe wa nchi zile ukoo huo ulikuwa mpole: homa siku mbili tatu, machozi kidogo, ndama mmoja mmoja kuhara, basi, mfugaji hakuwa na sababu ya kumwita mtu, na hakuna aliyekuja kuuliza. Ulipowafikia nyati na tandala, upole ule uliondoka.

Ndipo watafiti kama Jeffrey Mariner na Peter Roeder wakafanya jambo ambalo laiti lingefanywa mapema: waliwaendea wafugaji wenyewe, wakawauliza wanayajua maradhi gani, yanaitwaje, yalionekana mwaka gani na kwa malisho ya nani. Wazee wa Kisomali waliueleza ugonjwa ule mpole kwa dalili zake, na ramani ya maneno yao ikalandana na ramani ya damu. Nao waliokuwa kusini hawakulala: maradhi yalipoonekana katika ng'ombe wa kaskazini mwa Tanzania mwaka 1997, ng'ombe wa ukanda wa mpakani walichanjwa kwa haraka, na hayakupata njia ya kuteremka zaidi.

Sotoka ilionekana kwa mara ya mwisho duniani mwaka 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru nchini Kenya. Kuanzia hapo kazi ikageuka kuwa ngumu kuliko kuipiga vita, nayo ni kuthibitisha kutokuwepo kwake. Mwaka 2006 Kenya, Ethiopia na Somalia ziliundiwa ofisi moja ya kuratibu upelelezi huo katika nchi wanazozitembea Wasomali, na tarehe 28 Juni 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kuwa sotoka imekwisha duniani, maradhi ya pili kufutwa baada ya ndui. Kule Pirbright wamekwisha kuviteketeza virusi walivyokuwa wamevihifadhi, baada ya kuvisoma na kuviandika herufi kwa herufi.

Wengi walidhani nyati naye amestaafu. Lakini iko sotoka nyingine, ya mbuzi na kondoo, ambayo ni binamu wa ile iliyokufa, na ambayo mataifa yameazimia kuifuta ifikapo 2030. Katika majira ya baridi ya 2016 na 2017 iliingia kwa paa wa Mongolia waitwao saiga, ikawaua kwa maelfu. Huku kwetu mambo ni ya namna nyingine: damu iliyotekwa mwaka 2014 kwa nyati na nyumbu wa Serengeti na Ngorongoro ilikutwa na askari wa maradhi hayo, na wanyama wenyewe walikuwa wazima, wakila majani yao. Je, wao huyapokea tu kutoka kwa mbuzi wa majirani, kama nyumbu wa zamani walivyoyapokea kwa ng'ombe, au safari hii pori laweza kuyashika na kuyarudisha zizini? Swali hilo haliwezi kujibiwa na Tanzania peke yake wala na Kenya peke yake, kwa kuwa mbuzi wa Loliondo na mbuzi wa Narok hunywa katika mito ile ile. Na kabla ya kipimo cho chote kule maabara, litategemea kwanza kama yule mtu wa nne aliufunua mdomo wa nyati, akayahesabu meno, akaandika.