Kisomo cha Ukubwani

Mtu mzima anayejiunga na darasa la kisomo haanzi na akili tupu. Mama muuza nyanya hujumlisha bei, hurudisha chenji na kukumbuka wadeni wake wote kichwani. Mvuvi hugawa mapato ya chombo kwa mafungu bila kushika kalamu. Wanachokosa ni maandishi, yaani njia ya kuiweka hesabu hiyo mahali ambapo haitasahaulika na mtu mwingine anaweza kuikagua. Darasa linalotambua hivyo huwafikisha mbali. Linalowachukulia kama watoto waliochelewa huwapoteza mapema, na hiyo ni hasara ambayo haikustahili kutokea.

Tanzania ililipima jambo hili kwa kiwango kikubwa. Sensa ya 1967 ilikuta takriban theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Rais Julius Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mafia, Ukerewe na Masasi zilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kutakiwa kuufuta ujinga huo kabla ya mwisho wa 1971, kisha chama tawala, TANU, kikaazimia nchi nzima ifikie lengo hilo mwaka 1975. Walimu wa shule hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza shule ya msingi na wanavijiji wengine waliojua kusoma wakashika chaki kwa kujitolea.

Wakati huohuo, mradi ulioanza 1968 katika mikoa ya Ziwa Victoria, Mwanza ikiwa kitovu chake, ulikuwa ukijaribu njia iliyokuja kuitwa kisomo chenye manufaa. Vitabu vyake vilihusu pamba, ndizi, ufugaji na uvuvi, ili mkulima asome mambo anayoyafanyia kazi. Mtihani wa taifa wa 1975, ambao watu zaidi ya milioni 5 waliufanya, uliwapanga wanakisomo katika hatua nne. Aliyefuzu hatua ya tatu alihesabiwa kuwa anajua kusoma, lakini hatua ya nne ndiyo iliyouliza swali zito: je, anautumia ujuzi wake katika maisha ya kila siku? Kufikia 1986, takwimu za serikali zilionyesha kuwa wasiojua kusoma wamepungua hadi chini ya asilimia 10.

Kiswahili chenyewe kinamsaidia anayeanza, kwa sababu kila silabi huandikwa jinsi inavyotamkwa. Mwalimu huandika neno linalojulikana, kama pamba, na wanafunzi hulisoma lote. Kisha hulikata: pa, mba. Kutoka pa hupatikana pe, pi, po, pu. Kutoka mba hupatikana mbe, mbi, mbo, mbu. Silabi hizo zikipangwa upya huzaa pembe, pombe, pumba, bila mwalimu kuongeza kitu. Baadhi ya wanakisomo wa pwani walikuwa na njia fupi zaidi, kwa kuwa chuoni, yaani madrasa, walijifunza herufi za Kiarabu na waliweza kuandika barua ya Kiswahili kwa herufi hizo. Kwao kazi ilikuwa kubadilisha hati tu.

Hesabu ndiyo yenye mitego mingi. Anayezoea kutamka elfu moja na tano huandika 10005, kwani anaandika anachosikia: elfu moja, kisha tano. Si mzembe. Hajaonyeshwa kwamba kila tarakimu ina nafasi yake ya mamoja, makumi, mamia au maelfu, na kwamba sifuri hulinda nafasi isiyo na kitu. Fedha hulieleza jambo hili vizuri kuliko ubao. Noti moja ya 10,000, noti mbili za 1,000 na sarafu tatu za 100 zikipangwa mezani kwa safu, 12,300 huonekana kwa macho kabla ya kuandikwa.

Zipo pia hesabu ambazo kosa lake huumiza. Bahasha ya dawa iliyoandikwa 2x3 humaanisha vidonge viwili mara tatu kwa siku. Anayedhani ni sita kwa mkupuo amejiweka hatarini. Tiketi ya basi yenye 06:00 ni ya saa kumi na mbili asubuhi, na asiyejua kuongeza au kupunguza sita atalikosa basi hilo. Mkopo wa 100,000 wenye riba ya asilimia 10 kwa mwezi hudai riba ya 30,000 kwa miezi mitatu, ikiwa deni lenyewe halijaanza kupunguzwa. Vilevile makato ya muamala wa simu hubadilika kadiri kiasi kinavyopanda, na anayeweza kusoma jedwali la wakala hujua kama ni nafuu kutuma mara moja au mara mbili. Mambo haya yanastahili kuingia darasani tangu wiki za mwanzo, hata kabla ya kuzidisha kwa tarakimu nyingi.

Vikwazo vya mtu mzima mara nyingi haviko kwenye akili. Baada ya umri wa miaka 40 hivi, macho huanza kushindwa kuona maandishi ya karibu, na wengi wanaosema kisomo kimewashinda wanahitaji miwani ya kusomea. Msimu wa kilimo hutawanya darasa, kwa hiyo ratiba hupangwa na wanafunzi wenyewe. Aibu nayo ni mzigo wa kweli. Kimani Ng'ang'a Maruge wa Kenya aliutua mwaka 2004 alipojiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84, akitamani kuisoma Biblia mwenyewe.

Ujuzi usiotumika hufifia. Mafanikio ya Tanzania yalirudi nyuma uchumi ulipobana na vitabu kuadimika. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikuwa imeonyesha la kufanya: watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza vipindi na kusoma vijitabu ambavyo aliyetoka kujifunza aliweza kuvisoma, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Mpango wa MUKEJA, unaounganisha elimu ya watu wazima na jamii, hufuata mkondo huo. Kikundi huchagua mradi wake, kwa mfano ufugaji wa kuku, na daftari la mradi huwa la mazoezi pia: idadi ya mayai, bei ya pumba, fedha zilizopatikana na zilizobaki. Wanakikundi hupokezana kuliandika, mwalimu akikagua, mpaka watakapoweza kulifunga mwisho wa mwezi bila yeye.