Biharamulo Chini ya Hadubini

Kwa macho matupu, stempu ya Kongo ya Wabelgiji ya senti 5, ile ya mwaka 1915, ni kikaratasi cha kijani chenye picha ya bandari ya Matadi. Juu ya picha hiyo huenda pakawa na maneno meusi ya Kifaransa na Kiholanzi yanayotaja Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyokaliwa na Ubelgiji. Maneno hayo yanawahusu sana watu wa Ngara na Biharamulo.

Majeshi ya Wabelgiji yalifika Biharamulo mwezi Juni 1916, wiki chache baada ya kuingia Kigali, na Septemba mwaka huo yakaingia Tabora. Posta ya eneo walilolishika ikatumia stempu za Kongo zilizopigwa chapa ya maneno hayo. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa nchi ya mfalme wa Burundi. Makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1919 ndiyo yaliyoielekeza upande wa Tanganyika. Mpaka huo ulichorwa mezani, mbali na eneo lenyewe.

Stempu zenye chapa kama hiyo zina wanunuzi, na palipo na wanunuzi hapakosi waghushi. Zile zilizogongwa neno RUANDA au URUNDI mwaka 1916 zimeghushiwa sana, kwa kuwa neno moja tu la wino linaigeuza stempu ya kawaida kuwa ya thamani. Hapo ndipo hadubini ya kidijitali inapofaa, na bei yake haiko mbali na ya simu ya kitochi.

Ni kifaa kinachoshikika kiganjani, chenye lenzi iliyozungukwa na taa ndogo. Waya wake huchomekwa kwenye kompyuta, au kwenye simu inayokubali kifaa cha nje. Boksi likitangaza kukuza mara 1,000, mnunuzi asibabaike. Stempu huonekana vizuri kwa mara 20 hadi 60. Cha kuzingatia zaidi ni kishikizo imara, maana mkono ukitetemeka kidogo tu, kwenye skrini picha nzima inaruka.

Stempu ya senti 5 ikishatulia chini ya lenzi, nyuzi za karatasi huonekana zimelala kama pamba iliyochambuliwa. Stempu hizo zilichapwa kwa bamba la chuma lililochongwa, kwa hiyo wino umeinuka juu ya karatasi kama kovu. Zima taa za hadubini, umulike tochi kutoka ubavuni: kila mstari utatoa kivuli chake. Weka kando yake stempu ya siku hizi yenye picha ya rangi, na mara nyingi utakuta vitone vya buluu, waridi, njano na vyeusi vilivyopangwa safu safu.

Kipimo kikubwa ni pale chapa inapokutana na muhuri wa posta. Stempu ilipigwa chapa kwanza, ikauzwa, ikabandikwa kwenye barua, ndipo ikagongwa muhuri. Wino wa chapa ukionekana umepita juu ya wino wa muhuri, mtu ameuongeza baadaye. Kazi hii inataka subira, kwani weusi juu ya weusi hudanganya jicho. Afadhali kupiga picha kadhaa kwa mwanga tofauti na kuzilinganisha. Alama ya maji iliyo ndani ya karatasi yenyewe, kwa mfano ile ya stempu za twiga za Tanganyika zilizotoka mwaka 1922, haitafutwi kwa hadubini. Hiyo huonekana karatasi ikielekezwa kwenye mwanga.

Huenda bado kuna masanduku ya barua za kale Ngara na Biharamulo, kama vile Rulenge, Kabanga, Katoke au Nyakahura. Ukibahatika kulifungua moja, usiikate stempu wala usiiloweke ibanduke. Iache kwenye bahasha yake, pamoja na muhuri, tarehe na jina la mji, kisha uipige picha kwa hadubini kabla hujampa mnunuzi yeyote.